Besi ya Thimios

Polixeni hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimkuta njiani na mbuzi wake, salamu yako anaijibu kwa kidevu. Lakini akiimba, watu wa vijiji vya ng'ambo walikuwa wakiupanda huu mlima wetu wa Epiro kwa miguu kuja kumsikiliza, na hayo nayasema mimi Menelaos, mwenye mkahawa, ambaye simsifu mtu ovyo. Aliolewa hapa akiwa msichana mbichi. Hakujaliwa mtoto. Alifuga, alifuma soksi za sufu, aliwauguza wakwe zake mpaka akawazika, na kila aliyekufa kijijini petu alilazwa kaburini kwa sauti yake.

Sasa, nyimbo zetu si za mtu mmoja. Mmoja anauchukua wimbo, wa pili anaugeuza, na waliobaki wanashika iso. Iso ni sauti moja nzito, ya chini kabisa, haipandi wala haishuki, na haitakiwi kukatika. Mmoja akiishiwa pumzi, jirani yake anamgusa goti: vuta pumzi, nimeshika. Wageni humpigia makofi yule anayepanda juu, wale wa iso hata hawawatazami. Sisi tunajua kwamba bila iso hakuna wimbo, kuna mwanamke anapiga kelele tu.

Thimios, mumewe Polixeni, alishika iso maisha yake yote. Alikuwa mchonga mawe, mtu mpana, mkaidi, na akiifungua ile sauti glasi zangu zilikuwa zinatetemeka rafuni. Waimbaji wetu hukaa wamebanana, bega kwa bega. Polixeni alikuwa akisema kwamba yeye hamsikii Thimios masikioni, anamsikia begani.

Wenzake wa iso walikufa, waliobaki wakahamia Athene kwa watoto wao. Akabaki Thimios peke yake, na kipupwe kilichopita kifua kikamlaza naye. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka supu, pale alipomshika mkewe mkono na kumwambia, "Arubaini yangu uniimbie, Polixeni. Usinizike kimya." Akamjibu, "Nitakuimbia." Mimi nikajiuliza moyoni, kwa iso ya nani? Thimios mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Tulipokaribia arubaini, akaja kutoka mjini Marianthi, binti wa kaka yake Polixeni. Alikuwa ameipata ile rekodi ambayo bwana mmoja wa chuo kikuu aliichukua humu mkahawani kwangu zamani, wakati wazee walikuwa bado wapo wote. Akaitia kwenye simu, akaja pia na hedifoni kubwa, zile za kufunika masikio yote. Akamkalisha shangazi yake karibu na jiko.

"Kaa hapa, shangazi. Usiniulize kitu."

Akamvisha. Polixeni akatulia, macho kwenye sakafu. Mara akaishika meza kwa mikono miwili.

"Yupo," alisema. "Thimios yupo. Hata pumzi zake za puani nazisikia."

Mimi niligeuka nikaanza kuosha vikombe visafi. Nililia, na sioni kwa nini nifiche.

Basi ikaamuliwa. Thimios atashika iso kwenye arubaini yake mwenyewe, masikioni mwa mkewe, naye atamwimbia. Ila yale mahedifoni makubwa yalikuwa hayaingii chini ya kitambaa cheusi cha kichwani, hata tuliposhika huku na kuvuta kule.

"Unafanana na rubani," nilimwambia. "Padri atadhani umekuja kutua kanisani."

Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Marianthi akatoa mkobani vile vidogo vya kutia ndani ya sikio, vyenye waya. Polixeni akavitia, akasikiliza, uso ukamwanguka.

"Huyu si Thimios. Huyu ni mbu."

"Nilijua mimi!" nikasema. "Kitu kama harage kitaitoa wapi besi? Besi inataka nafasi. Pipa linanguruma, kikombe kitanguruma wapi!"

"Mzee Menelaos, acha ubishi wako. Pipa linatakiwa kujaza chumba kizima. Hiki kinatakiwa kujaza tundu la sikio tu. Shida ni kwamba kinapwaya. Pakiwa na upenyo, besi yote inatokea hapo, unabaki na miluzi."

"Umekuwa fundi lini wewe?"

"Napanda basi kila siku, asubuhi na jioni. Ungekaa wewe na zile kelele ungekuwa profesa."

Akavua vile vimpira vya mbele akajaribu vidogo zaidi. Bado mbu. Masikio ya Polixeni ni madogo, na la kushoto haliendani na la kulia. Mwisho akatafuta vile vya sponji, ambavyo unaviminya kwa vidole, unavitia, kisha unangoja vivimbe vyenyewe humo ndani. Tukangoja. Nikamwona Polixeni anainua kichwa taratibu.

"Anakuja," alisema. "Anatoka mbali. Ameingia!"

Nikavidai nijaribu na mimi. Nikaziba vizuri, na nikamsikia Thimios chini kabisa, mzito vilevile kama kwenye yale makubwa. Nikavivua nikamrudishia Polixeni bila ubishi, jambo ambalo kwangu si dogo.

"Ni sawasawa," Polixeni alikubali. Kisha akajigusa begani. "Ila hapa, Marianthi, hapa hapana kitu."

"Hapo hata yale makubwa hayafiki, shangazi."

"Najua. Nasema tu."

Akavirudisha masikioni ajizoeze. Nikamuuliza kama atakunywa kahawa, hakujibu. Nikarudia kwa nguvu, akatutazama kama tuko nyuma ya kioo. Tukacheka. Wajinga watatu, hatukuwaza zaidi ya hapo.

Siku ya arubaini theluji ilikuwa imeyeyuka na makaburi yalikuwa matope matupu. Padri alisoma, tukagawiwa ngano ya kuchemsha yenye komamanga, kisha tukasimama kaburini, watu wachache, karibu wote wenye mvi. Huku mjane hushikwa na watu wawili. Marianthi alimshika kushoto, mimi kulia. Nyuma yetu alisimama Agron, Mualbania anayechunga kondoo hapa, aliyekuwa akimsaidia Thimios kubeba mawe. Polixeni akatia mkono mfukoni, akabonyeza simu, akaanza.

Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho hatukukiwaza. Thimios alikuwa masikioni mwake tu. Sisi hatukusikia kitu. Polixeni alitoa mstari wa kwanza, mtupu, kisha akanyamaza ili wa pili augeuze wimbo, na ule ukimya ukatuangukia sote. Kunguru akalia. Akatikisa kichwa kumwitikia mtu asiyekuwepo, akaendelea. Yeye alikuwa katikati ya wazee wake wote. Sisi tuliona kikongwe anaimba, anakatika, anaimba. Padri alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaona aibu kwa niaba ya Polixeni, na hasira juu yangu mwenyewe. Nikambana kiwiko. Alidhani namfariji, naye akanibana.

Ndipo Agron akashika iso. Upande wao wa mlima nao wanayo hiyohiyo, ingawa hapa kwetu hatupendi kulitaja hilo. Aliianza akiwa amefumba mdomo, kama anaomba radhi. Padri akamfuata, maana kanisani nako iso ipo. Wengine wakaingia mmoja mmoja. Na mimi, ambaye Thimios alinifukuza mezani mbele ya watu akisema, "Menelaos, wewe kapike kahawa," mimi nikafungua mdomo.

Polixeni hakutusikia. Zile sponji zilikuwa zimeziba sawasawa. Alikuwa anamaliza mstari sisi tukiwa katikati, anaanza mwingine kabla hatujajiandaa. Tulikuwa tunamkimbilia mwanamke aliyeshika njia na wafu, naye hageuki. Niliogopa. Niliogopa kweli kwamba hatarudi.

Pumzi zikaniishia. Nikamwegemea ili nisianguke kwenye matope, kifua changu kikagusa bega lake, na nikamhisi anashtuka.

Aligeuka taratibu. Hakunitazama machoni, alinitazama mdomo. Akatazama mdomo wa Agron, akatazama wa Padri. Kisha akapeleka mkono chini ya kitambaa, akavuta kimoja, akavuta na cha pili.

Akatusikiliza. Tulikuwa wabovu, nasema ukweli. Mimi nilikuwa napanda na kushuka, na iso haitaki hivyo. Polixeni akaushusha wimbo mpaka mahali ambapo tungeweza kuubeba, akauanza upya kutoka mstari wa kwanza. Wa kuugeuza hakuwepo. Lakini aliponyamaza, kulikuwa na sauti chini yake, na kwa mwili wake wote alikuwa ametuegemea.

Aliimba mpaka mwisho. Tukanyamaza wote pamoja, na katika ule ukimya tukasikia kitu kiganjani mwake. Kidogo, chembamba, kama mbu. Rekodi ilikuwa bado inaendelea. Thimios alikuwa bado ameshika.

Polixeni akapiga magoti matopeni, nasi tukishuka naye, maana hatukuthubutu kumwachia. Akavilaza vile vidogo juu ya udongo, akaviwekea mkono, kama mtu anayegusa goti la mwenzake.

"Vuta pumzi, Thimios," alisema. "Wameshika."