Mfarishi wa Sufi

Kwa miaka kumi na tisa Kasiva alifua vitu vya kulalia vya watu wengine. Alifua shuka na foronya, alifua vyandarua, alifua hata yale mablanketi mepesi ambayo wageni wa hoteli ile ya Watamu huyasukumia miguuni bila kuyakunjua. Kila kilichopita mkononi mwake kilitoka na alama pembeni, maana bila alama dobi huwa soko. Uzi wa buluu ulikuwa wa vyumba vya juu, wa kijani wa vyumba vya chini. Uzi mwekundu, nyuzi tatu na ya nne ikizikata katikati, ulikuwa wake mwenyewe. Aliutia kwenye sare yake, kwenye leso zake, hata kwenye kitambaa cha kupangusia jasho.

Mwaka wa themanini na sita magoti yalimwambia basi. Akamwandikia dada yake Nduku, mjane kama yeye, kwamba mwisho wa Juni anarudi nyumbani Kilungu, na asijisumbue kutafuta kitu cha kujifunika kwa maana atakuja na mfarishi wa kuwatosha wote wawili. Anayeijua Kilungu ya mwezi wa Julai ataelewa uzito wa barua hiyo. Ukungu hushuka milimani ukaingia hadi chini ya kitanda, na Kasiva, aliyezoea kulala na leso moja ya pwani, alikuwa akiiogopa baridi hiyo kuliko alivyoogopa uzee. Tena kuna aibu. Mtu hakai pwani miaka kumi na tisa, akitandika vitanda vya Wazungu, halafu arudi kwao kuomba nafasi chini ya blanketi la mtu.

Mfarishi wenyewe ulikuwa siri, na siri hiyo alipewa na Idah.

Idah alikuja kutoka Taita akiwa msichana asiyejua kukamua shuka. Kasiva alimfundisha. Walilala chumba kimoja miaka kumi na mmoja, wakapika kwa jiko moja, wakauguzana malaria. Wafanyakazi walipochanga zawadi ya kumuaga Kasiva, mchango uliwekwa kwa Idah, naye Idah jioni moja akafunga mlango akasema, "Dada, mimi sitaki ununuliwe kitu usichokitaka. Twende Malindi uchague mwenyewe. Siku ya kupewa jifanye hujui."

Kasiva alicheka hadi akapangusa macho. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia achague.

Wakaenda kwa Mzee Shee, fundi wa magodoro, ambaye duka lake lilikuwa na vumbi la sufi mpaka kwenye nyusi zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mamangu. Karibuni. Mwataka godoro?"

"Nataka mfarishi. Wenye joto."

Mzee Shee alimtazama, jasho likimtiririka yeye mwenyewe, akauliza kwa upole, "Kuna mgonjwa nyumbani?"

Idah akaona ile itakuwa habari ndefu, akatoka nje kununua kachiri za kutafuna. Kasiva akabaki kueleza habari za Kilungu. Alioneshwa mfarishi wa pamba, akaukataa, mzito bure, humkandamiza mtu wala haumpi joto. Akaoneshwa wa sponji, akauminya, akasema huu ni wa kufutia gari. Wa tatu ulijazwa sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, umeshonewa mistari ya karibu karibu ili sufi isikimbilie pembeni, kitambaa cha maua ya njano kimelainika vizuri. Kasiva alitia mkono ndani ya mkunjo akahesabu kimoyomoyo mpaka kiganja kikaanza kuchemka. Akanusa. Akavuta mshono kwa ukucha, haukuachia. Halafu, mtu mzima na mvi zake, akajifunika gubigubi kichwa na yote, palepale dukani adhuhuri, akacheka humo peke yake. Alipotoka uso ulikuwa maji matupu.

"Ni huu," akasema.

"Wajua kuchagua, mamangu," alisema Mzee Shee. "Lakini nisikize. Sufi haifuliwi. Ikiingia maji yajikusanya madonge, na hakuna atakayeyafungua. Ukichafuka pangusa kwa kitambaa chepesi, uanike juani, uupige kwa ufito. Basi."

Kasiva akaitikia. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote ile, akaomba sindano na uzi mwekundu, akaweka alama yake pembeni. Idah alirudi na kachiri zake akakuta mfarishi umekwisha kufungwa, akalipa, akauchukua yeye kuuficha hadi siku yake.

Siku ya kuagwa ilifika. Hoteli ilikuwa nusu tupu kwa ajili ya mvua, kwa hiyo walipewa ukumbi wa kulia. Kasiva alikuwa ameshaupa mkono wa kwaheri ule uzee wa kuomba omba. Mablanketi yake mawili aliyagawa juma zima kabla, moja kwa Dorcas wa jikoni na moja kwa Gona wa bustani. Alikuwa amefanya hata mazoezi ya kushangaa. Idah akasimama, akasema maneno matamu hadi watu wakalia, akamkabidhi kisanduku cha kubebeka kwa mkono mmoja.

Ndani mlikuwa na saa ya ukutani, ya plastiki.

Watu walipiga makofi. Wengine walitazamana, maana mchango wao ulikuwa mnono kuliko ile saa, lakini nani atauliza mbele ya meneja? Kasiva ndiye aliyekuwa na haki ya kuuliza, naye mdomo wake ulikuwa umefungwa na siri. Angesema nini? Kwamba alikuwa anajua atapewa kingine? Alimtazama Idah, Idah akampa tabasamu pana, na Kasiva, kwa vile alimpenda, akamtafutia udhuru. Pengine mfarishi uko chumbani. Pengine ni wa kupewa faraghani. Chumbani hamkuwa na mfarishi, na Idah alilala mapema akimgeuzia mgongo.

Asubuhi yake Kasiva alikwenda dobini kurudisha sare na ufunguo wa chumba. Idah alikuwepo, amevaa tayari mkufu wa funguo za msimamizi wa dobi. Hawajamaliza salamu, Kahindi, mpishi wa nyumbani kwa meneja, Bwana Njoroge, akaingia na furushi.

"Hamjambo akina mama. Mama yake Bwana Njoroge amemwaga uji kitandani. Anataka huu ufuliwe leo leo, anasema kwao Kinangop hakuna mtu alalaye bila uzito juu yake." Akauweka mezani. "Anaupenda, maskini. Kila mgeni aingiaye aambiwa, huu nimepewa na Idah."

Akaenda zake. Maua yalikuwa ya njano. Kasiva hakuhitaji kuugeuza, lakini aliugeuza. Nyuzi tatu, na ya nne ikizikata katikati.

Alishika ukingo wa meza. Kilichomchoma kwanza hakikuwa hasira. Ilikuwa aibu, tena aibu yake yeye, kwa ule uso wake uliokuwa ukicheka chini ya mfarishi dukani.

"Idah."

"Abee."

"Huu ni wangu."

Idah aliuona ule uzi kwa mara ya kwanza.

"Dada, wewe unakwenda zako," akasema. "Mimi ndiye ninayebaki. Usimamizi walitaka kumpa mtu kutoka Kikambala. Yule mama yake meneja alikuwa akililia kitu cha kumpa joto tangu afike. Ningefanyaje?"

"Siku ile tulipokwenda Malindi, ulikuwa umeshajua ni wa nani?"

Nje mabomba yalikuwa yakitiririsha maji kwenye sakafu. Idah aliyatazama.

"Ulijua," Kasiva akasema. "Basi mimi ulinipeleka kufanya nini?"

"Hakuna ajuaye kuchagua kama wewe."

Ilisemwa kwa sauti ya sifa. Miaka kumi na mmoja Kasiva alikuwa akingoja Idah amsifu, na sifa yenyewe ndiyo hiyo.

Hakumtukana. Alichukua mkasi mdogo, akakata ile alama uzi kwa uzi, akaitia kwenye pindo la leso. Idah, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kelele, alishusha pumzi. Akaukumbatia mfarishi akaupeleka kwenye pipa la maji ya moto na magadi, kama alivyofundishwa kufanya kwa kila doa la chakula. Hoteli ile haikuwa na kitu cha sufi hata kimoja, na kwa hiyo somo la sufi hakuwahi kulipata.

"Nianze na maji ya moto, siyo?" aliuliza kwa mazoea.

Miaka yote Kasiva hakuwahi kuona kitu kikifuliwa vibaya akanyamaza. Aliwahi kumpokonya mgeni fulana mkononi.

"Wewe ndiye msimamizi," alisema.

Akasimama mlangoni hadi alipoona maua ya njano yakizama, kisha akachukua sanduku lake akaenda.

Kilungu ukungu ulikuwa umeshashuka. Nduku alikuwa amekipangusa kitanda, ametandika shuka moja safi, na kwa juu hakuweka kitu. Blanketi lake kuukuu alilitoa kwa Jedida jirani, mwenye mtoto mchanga, siku aliyoipata barua. Aliufungua mzigo wa dada yake kwa furaha, akatoa leso, akatoa vikombe, akatoa ile saa. Akafika chini ya sanduku, akainua macho.

Kasiva akamweleza. Alieleza duka, na siri, na makofi ya ukumbini, na Idah na funguo zake. Alilia aliposimulia sifa aliyopewa. Habari ya pipa hakuisema.

Nduku alisikiliza yote. Hakumlaumu. Alimfunika mabega kwa leso mbili, akaketi karibu naye wapeane joto, akafikiri kidogo.

"Sasa uko kwa huyo mama mzee?"

"Uko kwake."

"Basi tushukuru hilo," Nduku akasema. "Angalau ulichagua vizuri, na kuna ajuza mwenzetu mahali analala na joto."

Kasiva alizipapasa zile nyuzi kwenye pindo la leso, akazisukuma ndani zaidi.