Kinyozi na Kipa wa Wapinzani

Kinyozi wa Woolwich, London, alizipima timu pinzani kila Jumamosi asubuhi, mashine ikinguruma mkononi. Kabla ya kutaja udhaifu wa mchezaji, alipuliza nywele zilizonasa kwenye mashine, akamgonga mteja begani kwa kitana. “Beki wao wa kushoto mzito, atatuachia njia,” alikuwa akisema, na benchi zima la wateja likaanza kubishana. Jotham, nesi wa wodi ya wazee, hakuwahi kunyolewa kwingine.

Jumamosi moja ya Februari, akiwa kitini, Jotham alimuuliza wapinzani wa jioni ile wakoje. Kinyozi alimsifu kipa wao kwa kirefu, miruko yake na mikono yake isiyoponyokwa na mpira. Wateja kwenye benchi wakatazamana.

“Mzee, huyo si alistaafu miaka kumi iliyopita?” mteja mmoja akauliza.

“Nani kasema?” Kinyozi alizima mashine, akamtazama Jotham kwenye kioo. Jotham aliyajua macho hayo. Alikuwa akiyaona kila siku wodini.

“Leo yumo,” Jotham alijibu taratibu. “Hata mimi nimesikia.”

Kinyozi alishusha pumzi, akawasha mashine, akaanza kunyoa tena upande ule ule aliokwisha kuumaliza. Jotham akamwachia kichwa.