Mimi Niliitwa Louisville

Nilipoamua kuacha pombe, kilichonisumbua zaidi si kiu, ni kwaya ninayoimba kanisani. Mkutano wa kwanza nilioupata ulikuwa kwenye chumba cha chini cha kanisa la wazungu, basi moja tu kutoka kwangu, mtaa wa Beechmont. Watu wamekaa duara, kahawa mkononi, kila mmoja anasema yanayomuuma. Zamu yangu ikafika nikasema niko salama, asante. Kiingereza changu ni cha kazi: panga boksi hapa, sukuma pale, ndiyo bosi. Cha kulilia sina. Wakanihurumia, wakasema watanitafutia mkalimani wa simu. Ee Mungu wangu! Wakalimani wa Kiswahili wa mji huu ni haohao wanaoimba sauti ya pili na mimi Jumapili. Nikawashukuru, nikavaa koti.

Mzee aliyekuwa akipika kahawa alinifuata mlangoni na kikaratasi chenye namba. Kuna mama mmoja Columbus, Mkenya, ameanzisha mkutano wa Kiswahili kwenye simu, kila Jumamosi asubuhi. Wote mnapiga namba moja, hakuna anayeona namba ya mwenzake.

Tulikuwa watatu. Yule mama alikuja Marekani kusoma, akabaki na kazi ya ofisi na chumba mtaa wa Linden. Sheria yake ilikuwa moja: majina hapana, watu wetu wanajuana mno. Tukaitana kwa miji. Yeye Columbus, mimi Louisville, na wa tatu Buffalo, Mkongomani kama mimi, anaishi Lackawanna, kando ya Buffalo, anafanya kazi kiwandani, ana kikohozi kisichoisha. Kila Jumamosi nilifagia nyumba kabla ya kupiga, kama mtu anayengoja wageni. Mke wangu alishahamia kwa dada yake na watoto. Hapakuwa na mtu hata wa kuniambia nipunguze redio. Zile sauti mbili ndizo zilikuwa watu wangu.

Buffalo alikuwa na mzigo wake. Mchungaji alimwekea mikono, naye akasimama mbele ya kanisa kushuhudia kwamba Yesu amemtoa kwenye pombe siku moja tu. Kanisa zima likalia, mkewe akapiga magoti.

"Sasa mi nitawaambia nini, ndugu?" alituuliza. "Kama kiu ilirudi? Basi donc nitamufanya Mungu muongo."

Ndiyo maana alitupigia akiwa ndani ya gari mbele ya nyumba yake, vioo amefunga, simu kwenye spika.

Asubuhi moja alikuwa na hali mbaya, na Columbus akawa anamtuliza: "Usikate tamaa, dear. Tuko na wewe." Tukasikia mlango wa gari unafunguliwa kwa nguvu.

"Njo huyu?" Ilikuwa sauti ya mkewe, akiuliza kama ndiye. "Njo huyu mwanamuke wako wa samedi, wa kila Jumamosi?"

Nikangoja Buffalo aseme ukweli. Neno moja tu, pombe. Akakohoa tu. Jamani, yule mtu aliona afadhali aitwe mzinzi kuliko kuharibu ushuhuda! Columbus akajaribu kueleza, na kila neno lake likazidi kumwasha mama wa watu.

"Mama," nikaingilia, "hapa hakuna mapenzi. Ni mkutano wa watu wanaoacha pombe."

"Na weye ni nani?"

"Louisville."

"Louisville ni muji! Nakuuliza weye ni nani. Mutoto wa nani? Unasali wapi?"

Nikimjibu, atampigia shemeji, shemeji atampigia binamu, na kabla ya ibada kwaya nzima itajua. Nisipomjibu, Buffalo anaingia nyumbani na vita, na mimi najua mtu anayekimbia vita ya namna hiyo anakimbilia wapi. Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia Buffalo, nikamkasirikia mkewe, nikakikasirikia hata kile kikohozi. Kisha nikataja jina langu, la baba yangu na la kanisa langu, nikaongeza: "Mimi ni mlevi, mama. Bwana yako ananisaidia nisinywe."

Simu ikakatika.

Jumapili nilijua habari imefika kabla sijakaa. Salamu zilikuwa tamu kupita kiasi. Dada mmoja wa kwaya akanishika kwa mikono miwili, "Tunakuombea, papa," kisha akaenda kukaa na wengine. Baada ya ibada walinipa soda, wakanitazama mpaka nikaimaliza. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi nikafagia tena. Columbus alikuwepo. Tukaongea habari za baridi. Mara laini ikalia, mtu ameingia. Nikatega sikio nisikie kikohozi cha Buffalo, hakikuja.

"Allo?" Alikuwa mke wa Buffalo. "Bwana yangu amekunywa tangu juzi. Amelala, hajue kama niko na simu yake."

Halafu akaniita kwa jina langu, lile la kwetu, lote, bila kukosea. Tangu mke wangu ahame hakuna aliyekuwa amelitamka hivyo.

"Bon," akasema. "Niko ndani ya gari, vioo nimefunga. Kanisani siwezi kusema. Muniambie, hapa munafanyaka nini?"

Columbus aliniachia mimi nijibu.

"Tunakaa tu, mama," nikamwambia. "Kaa na sisi."