Mgonjwa wa Katumba

Isidori wa Majengo, Mpanda mjini, alikuwa na BSA, Methusela wa Katumba alikuwa na Triumph, na kwa sababu hiyo tu wazee hawa wawili hawakuwahi kusalimiana kama watu wenye akili zao. Mwenzako ametoka huko kote, vumbi limemjaa hadi masikioni, badala ya kumuuliza habari za nyumbani unamuuliza, "Mgonjwa wako anaendeleaje?" Mgonjwa ni pikipiki yake. Naye anajibu, "Wangu anapumua, hofu yangu ni huyo wako." Basi wanacheka mpaka mama mwenye nyumba anatoka kuangalia kuna nini.

Pikipiki zenyewe zilikuwa za Mwingereza, kongwe zote mbili. Ya Isidori aliinunua baba yake kwa Mzungu wa mgodini, wakati mgodi unafungwa na wenyewe wanauza chochote kisichoingia sandukuni. Ya Methusela iliachwa na bwana mmoja wa tumbaku aliyeondoka nchini kwa haraka. Isidori alikuwa seremala, mtu wa vitanda na majeneza, mwenye mdomo usiotulia. Methusela alilima tumbaku na mahindi. Aliingia Katumba akiwa mtoto, ameshika pindo la nguo ya mama yake, wazazi wakikimbia Burundi, na hapo ndipo alipokulia, akaoa, akazeeka.

Walijuana siku Triumph ilipozimika mbele ya karakana ya Isidori. Mtu mwingine angetoka kumsaidia mgeni. Isidori alitoka na randa mkononi, akaanza kucheka.

"Pikipiki gani hii, jina lake linaishia na mfu? Trayamfu! Halafu unashangaa ikifa?"

Methusela alifuta jasho, akaitazama BSA iliyoegemea mlangoni, chini yake kipande cha boksi cha kukingia oili inayovuja. "Hata yako naijua kirefu chake," akasema. "Bila Sukuma Aiwaki." Herufi ya h aliimeza makusudi ili mambo yakae sawa.

Siku hiyo Methusela alikula ugali kwa Isidori. Wanasema fahari wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, na miaka ikapita. Kila mwezi mmoja alimfuata mwenzake. Walishindana kupanda kilima cha njia ya Litapunga, na aliyetangulia juu alizima injini, akakaa kwenye jiwe na kujifanya amelala usingizi. Swali la nani bingwa halikupata jibu. Leo BSA imeshinda, kesho plagi imeingia maji na Isidori anasukumwa na Mrundi wake hadi Majengo, huku watu wa barabarani wakipiga vigelegele.

Isidori alimpenda mwenzake. Tuliseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulisema. Walikuwa wameshazoea kupitisha kila kitu kwenye zile pikipiki, shida, furaha, hata pole, mpaka njia nyingine ikaota majani.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, Methusela alianza kuadimika. Alipokuja, koti lilimning'inia. Yustina, mke wa Isidori, aliweka chakula, akaona mgeni anachezea tonge tu na kuomba uji.

"Baba Edgar, huyu mwenzio hali," alimnong'oneza mumewe jikoni.

Isidori akarudi barazani, akauliza kama alivyozoea, "Mgonjwa vipi siku hizi?"

Methusela aliweka kikombe cha uji chini. "Mgonjwa mafuta hayapiti, bwana. Yanaishia hapa juu." Akashika shingo yake, chini ya koo.

Isidori alikuwa anaangalia tangi la Triumph. "Kabureta hiyo! Imeziba. Nilikuambia zamani ufungue usafishe, hukusikia. Mtu mbishi na pikipiki yake mbishi."

"Labda," Methusela akasema. Alimtazama rafiki yake kwa muda, akanyanyuka polepole, akaiwasha Triumph na kuondoka. Isidori hakujiuliza iweje pikipiki yenye kabureta iliyoziba iwake kwa teke moja. Alikuwa anatafuta neno la kumtania ili alisikie kabla hajafika barabarani.

Simu ya Hana ilikuja baada ya hapo, asubuhi moja Isidori akiwa anapiga msasa mguu wa kitanda. Hana ni mke wa Methusela, mwanamke wa maneno machache.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba, shemeji."

"Mgonjwa amezidiwa. Anataka mzee wa BSA aje amwone."

Isidori aliangua kicheko. Aliona ushindi umemjia wenyewe hadi karakanani. "Kumbe leo mmekubali! Mpigeni teke, shemeji, ataamka tu huyo! Akigoma, msukumeni!"

Kisha Hana akasema, "Haya, shemeji," na simu ikakatika.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema waliotutangulia, na Isidori alikuwa ameusikia msemo huo tangu ana meno ya utoto. Lakini msemo kama huo kila mtu hudhani anaambiwa mwenzake. Yustina angekuwepo angeielewa ile simu kabla haijafika mwisho. Yustina alikuwa shambani Litapunga, anavuna karanga.

Basi Isidori akaingia kazini, na hapa ndipo roho inauma, kwa sababu alichokifanya kilikuwa kizuri. BSA na Triumph zilikuwa na kabureta za kampuni moja, za umbo moja, na kipuri kipya cha aina hiyo hakipatikani Mpanda wala Tabora. Isidori akaamua kumpa Methusela ya kwake. Aliifungua kwenye BSA, akailoweka kwenye petroli, akazibua vitundu kwa uzi wa waya, akakata gaskiti ya kuziba maungio kwenye boksi gumu. Ya kwanza ikakaa vibaya, akakata nyingine. Hakupiga simu. Alitaka atokee ghafla, aifunge, aiwashe, kisha amtangazie Methusela mbele ya majirani kwamba kuanzia leo Triumph inapumua kwa pua ya BSA. Hayo maneno aliyarudia peke yake karakanani, akatabasamu. Siku zikapita akisugua na kutabasamu.

BSA ikiwa haina kabureta, alipanda bodaboda ya Heri, kijana wa jirani, kabureta ameipakata imefungwa kwenye kitambaa safi. Walipoingia Katumba waliona wanaume wamebeba mabenchi ya kanisa. Heri akapunguza mwendo.

"Mzee, huku kuna msiba."

"Mzee fulani wa watu," Isidori akasema. "Twende, tutapita kutoa pole tukirudi."

Mabenchi yalikuwa yanaingia kwa Methusela. Turubai lilikuwa limefungwa kuanzia kwenye paa hadi kwenye mparachichi, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na Triumph imesimama ukutani, imefutwa, inang'aa. Isidori alishuka, akasimama na kitambaa chake mkononi, hajui akiweke wapi. Hana akainuka mkekani, akamfuata.

"Umefika, shemeji."

"Shemeji, nani...?" Hakumaliza. Mwili wote ulishajua.

"Amekwenda jana."

"Na pikipiki?" Swali lilimtoka lenyewe, na akajichukia.

"Pikipiki ina nini? Nzima. Ndiyo aliyopelekwa nayo hospitali, mdogo wake Claude anaendesha. Madaktari walisema koo limeshaziba, tukamrudisha nyumbani." Akajifunga kanga upya. "Alikuwa anasikiliza barabara. Pikipiki ikipita anasema, hiyo siyo. Ya kwako alikuwa anaujua mlio wake."

"Ulimwambia nilivyokujibu?"

"Ningemwambiaje? Nilimwambia unakuja."

Walimzika mchana huohuo, kwenye shamba lake, pembeni ya bani la kukaushia tumbaku. Mchungaji Nathanael alisoma, akaomba, jeneza likashushwa. Isidori alilitazama. Ubao ulikuwa haujapigwa randa vizuri, na yeye seremala alikuwa Majengo anasugua chuma. Alitaka jambo moja tu, kuomba msamaha Methusela akiwa bado hajafunikwa, hata kimoyomoyo.

Lakini kwenye mazishi ya huku mtani ana kazi yake. Wafiwa wakilia mpaka wakakauka, mtani anapokonya jembe, anazuia kaburi, anamsema marehemu maneno ya hovyo mpaka watu wacheke na vifua vipate kupumua. Hao wawili hawakuwa watani kwa kabila. Pikipiki ndizo zilizowafanya watani, na Katumba nzima ilijua.

"Mtani yuko wapi?" aliita Claude, mdogo wa marehemu. "Kaka alisema asifukiwe kabla mzee wa BSA hajamsema!"

Nyuso zote zikageuka. Baadhi zilikuwa zimeshaanza kutabasamu. Mtu akamtia jembe mkononi.

Isidori aliukazia macho ubao ule. Mwishowe akaamua liwalo na liwe, atasema ukweli.

"Nilipigiwa simu," akasema. "Nikaambiwa mgonjwa amezidiwa. Nikasema mpigeni teke, ataamka."

Kicheko kikaanza nyuma, kwa vijana.

"Nilidhani ni pikipiki."

Watu wakaangua. Claude alijishika mbavu, machozi yakimtoka. Kikongwe mmoja akapiga makofi, "Huyo ndiye mtani! Huyo ndiye!"

"Jamani nyie, sitanii," Isidori akasema, na sauti ikampasuka. "Nasema kweli. Nilidhani ni pikipiki!"

Wakacheka zaidi, kwa sababu hata kulia alikuwa analia vizuri. Hana peke yake hakucheka. Claude akasogea, akampokea jembe, akampigapiga begani na kumshukuru kwa kuwachangamsha wafiwa, kisha akaanza kufukia.