Uji wa Mawe wa Baba

Enzi zetu, kule Kimemi, mpira ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, na bugali kwa sombe, majani ya muhogo, ilitutosha kulala tukicheka. Watoto wetu leo, chaji ya simu ikiisha, wanasema wanateseka.

Vita ilipofunga barabara, baba aliacha kwenda Alimbongo kununua maharagwe. Yeye na rafiki yake, Baba Kambale, wakaanza kutwanga mawe ya dhahabu uani kwetu, kwenye vinu vya chuma. Mawe yale meupe yalitoa vumbi laini kuliko unga wa muhogo. Tulijipaka usoni tukacheza wazungu, hadi mama atufukuze.

Mama hakujua habari za vumbi na mapafu. Alijua kwamba sabuni imekuwa adimu, na nguo zake za misa zinapata vumbi kwenye kamba. Asubuhi moja akaweka ndoo mbele ya kinu cha baba.

“Baba Masika, tia maji kwanza. Kama hapana, utafula nguo wewe mwenyewe.”

Baba akatia. Kazi ikawa nzito, mawe yakawa tope. Baba Kambale akahamisha kinu chake kwao, atwange kavu. “Muke yako anakupikisha uji ya mawe,” alimtania kila walipokutana. Baba alicheka naye, ila maji hakuacha.

Miaka ikapita. Baba Kambale akaanza kukohoa, kisha kuhema akipanda kilima kidogo tu. Wengine walisema amelishwa sumu, wengine kifua kikuu. Dawa alimaliza, pumzi haikurudi. Vumbi la mawe likifika ndani kabisa ya pafu halitoki. Linaacha makovu, na kovu halivuti hewa. Tulimzika.

Kwa hiyo baba alipokohoa wiki tatu, sikungoja. Nilimpeleka hospitali mjini Beni kupigwa radio, picha ya kifua. Daktari aliinua picha dirishani, akamuuliza kama alitwanga kavu au kwa maji.

“Na maji, docteur. Muke yangu alikataa vumbi.”

“Basi umushukuru. Mapafu iko muzuri. Hii ni baridi tu.”

Baba aliketi kwenye benchi akavuta pumzi ndefu, akaitoa polepole, akavuta nyingine.

Siku hizi sabuni imejaa kila duka, na mashine zinasaga mawe kavu huku vijana, weupe hadi kope, wakisikiliza muziki masikioni. Mama, mzee sasa, akipita husimama: “Batoto, tieni maji.” Wanamcheka. Lakini juzi mmoja alizima mashine, akaenda kutafuta ndoo.