Dufu la Aicha

Rehema hakuzaliwa na mkono wa ngoma. Alifundishwa dufu na mumewe, Iliasi, akakosea na kuchekwa mpaka akawa kiongozi wa akina mama wanaopiga harusini hapa Kasongo. Binti yao Aicha hakufundishwa na mtu. Akiwa na miaka mitatu tu aligonga sufuria sawasawa na baba yake, na Rehema akatamba mtaa mzima: "Huyu amefwata baba yake muzima-muzima!" Laiti angejua alichokuwa akijisifia.

Iliasi alipofika miaka arobaini, mkono wake ulianza kuchelewa kwenye dufu. Mwaka uliofuata miguu ikayumba. Majirani, ambao midomo yao haina likizo, wakasema Mwislamu yule analewa. Hakuwahi kuonja tone la pombe. Alikufa hawezi kushika kijiko, na wapo walioona haya kuja mazishini. Rehema hajawasamehe mpaka leo.

Baadaye daktari Blaise alimweleza, Aicha akiwapo, kwamba ugonjwa ule umo katika damu ya ukoo wa Iliasi, na mtoto anaweza kuurithi au asiurithi. "Na tena, mama, kushika mudundo na kutembea muzuri, urithi yake inafuatanaka. Ngoma inaweza kuonyesha ugonjwa mbele miguu ianze kuyumba." Tangu hapo, kila Aicha alipopiga, Rehema alisikiliza kwa hofu. Miaka tisa hakusikia kitu, akaanza kupumua.

Mwezi uliopita waliitwa harusini Kabambare. Walifika kwa pikipiki, matope hadi magotini. Katika wimbo wa kumtoa bibi harusi, dufu la Aicha likachelewa. Kidogo tu. Likarudi, likachelewa tena. Rehema aliujua uchelewaji ule. Aliusikia zamani, ameketi ubavuni mwa Iliasi.

Kundi lao lina sheria: anayepoteza mdundo, kiongozi humwekea kiganja juu ya dufu, naye hukaa kimya mpaka harusi iishe, watu wote wakimwona. Tayari akina mama walikuwa wakigeuza shingo kumtazama kiongozi. Rehema hakunyanyua kiganja. Alipunguza mwendo wa dufu lake mwenyewe, akachelewa pale Aicha alipochelewa, na kundi zima likamfuata kama kawaida. Wimbo wa furaha ukawa mzito. Mama wa bwana harusi akanung'unika, akaachwa anung'unike.

Walipokuwa wakifunga vyombo, Aicha alimshika mkono, macho yamejaa hofu.

"Mama, leo ulipiga vibaya. Mukono yako iko na shida?"

Rehema alimtazama mwanawe: miaka ishirini na minne, mchumba anamngoja Kasongo.

"Ndiyo, mwana wangu. Ni mukono yangu."

Aicha akamkumbatia, akampapasa mgongo, akacheka kidogo ili kumtuliza.

"Basi usiogope, mama. Weye hauko wa damu ya baba. Ni kuchoka tu."