Pengo Lililoachwa na Taa ya Mjomba

Mpaka leo mjomba hajaniomba radhi, na mimi sijamsamehe.

Wakati wa korona, kanisa letu lilipofungwa na ibada zikahamia kwenye simu, mjomba, mchungaji wake, aliugeuza ua wetu hapa Toongabbie, kitongoji cha ugenini, kuwa madhabahu, maana ndani watoto walipiga kelele. Alitundika taa kubwa ya kazini, ile ya ghalani, kwenye kamba ya nguo, akawa anahubiri kila jioni.

Kamera yangu ya kupigia nyota picha nayo ilikuwa uani. Sikusomea nyota popote. Nilijifunza kwa video na vitabu vya kuazima, nikirudia kila hesabu mpaka kichwa kiniume, kwa hofu kwamba mwenye shahada angenicheka. Nilikuwa nafuatilia nyota mbili zinazozungukana: jitu jekundu na mwenzake mdogo wa buluu. Mara moja katika miaka mingi, yule mdogo hupita nyuma ya jitu. Kabla hajatoweka, nuru yake hupenya hewa nyembamba inayolizunguka jitu, na hewa hiyo huacha mistari myeusi kwenye rangi zake. Kila jioni nuru hupenya tabaka la ndani zaidi. Ukikosa jioni, umekosa tabaka.

Nilimwomba azime taa kidogo tu.

"Mpwa wangu, hizo nyota ni Mungu aliziumba. Ziambie zingoje."

"Hazingoji, mjomba."

"Basi hazina adabu. Kama wewe."

Waumini walicheka, simu ilikuwa wazi. Taa ile ikaharibu picha zangu zote, na nyota ndogo ikaingia nyuma ya jitu bila mimi kupata kitu.

Ilibaki nafasi moja: inapotoka upande wa pili, hupita tena katika hewa ya jitu. Nikangoja majuma mazima, nikimpikia bugali na kumtabasamia. Jioni ile nyota ndogo ilipoanza kuchomoza nyuma ya jitu, mjomba akiwa katikati ya sala ndefu, nikachomoa waya wa taa. Nakiri nilifurahi. Nilitaka akwame, waumini wamsikie akibabaika.

Hakukwama. Alipaza sauti gizani. Asubuhi mama mmoja wa kanisa akapiga simu: "Pasta, jana Roho alishuka kweli! Hata taa ilizimika!"

Tangu siku hiyo mjomba akaamuru ibada iwe gizani.

Kwa hiyo nilipata jioni zangu zote za kutoka, mistari ikififia taratibu, safi kabisa. Lakini hewa ya jitu haifanani pande zote. Upande niliokosa hauwezi kujazwa na huu. Tena nilitaka akasirike, si asifiwe.

Nikachora matokeo yangu: upande wa kutoka umejaa, wa kuingia mweupe. Nikaubandika mchoro ukutani jikoni, mbele ya kiti chake. Siku hizi wageni wanakuja tena. Kila anayeuliza pale peupe pana nini, namjibu, "Muulize mjomba," kisha naketi nimsikilize akijieleza.